Kuzipiga upya nyimbo za Domenico Modugno: ni kitu gani ndani ya wimbo kisichoguswa?

Kinanda cha Malindi

Wapenzi wa muziki, hamjambo. Mimi ni mpiga kinanda hapa Malindi, na kwa miaka kumi na minne sasa nimekuwa nikijipatia riziki katika hoteli za ufuoni, kuanzia Casuarina hadi Watamu. Anayeujua mji wetu hahitaji kuelezwa kwa nini Mgiriama aimbe Kiitaliano. Tangu mradi wa anga wa Italia uitwao San Marco uliporusha satelaiti yake kutoka majukwaa ya baharini pale Ngomeni mwaka 1967, Waitaliano wamekuwa wakija na kubaki, na lugha yao imeingia sokoni, kwenye maduka ya vinyago na midomoni mwa vijana wanaouza madafu. Nami Kiitaliano changu nilikiokota huko huko ufuoni, kisha nikakinyoosha kwa nyimbo.

Juma lililopita mzee mmoja Mwitaliano, mkazi wa hapa wa muda mrefu, alinijia na ombi. Anatimiza miaka themanini, na anataka usiku mzima wa nyimbo za Domenico Modugno, mwimbaji na mtunzi wa Italia, peke yake, nyimbo nane, tuzipige kwa vyombo vyetu: kinanda, gitaa, udi, fidla na dumbaki. Nilipomwuliza angependa zifanane kiasi gani na zile za Modugno mwenyewe, alinijibu: “Msinipigie santuri. Santuri ninazo nyumbani.”

Neno hilo limeninyima usingizi. Tulipoanza mazoezi niligundua kwamba wimbo ambao nimeupiga miaka yote hii, “Nel blu dipinto di blu”, ule ambao kila mtu huuita “Volare”, sikuwa nikiujua. Hotelini sisi huingia moja kwa moja kwenye kiitikio kwa makofi na mdundo wa rumba, kama walivyofanya wale wa bendi ya Gipsy Kings, wageni wakainuka kucheza, na kazi ikawa imekwisha. Nilipokaa nikaisikiliza rekodi ya Modugno ya mwaka 1958, nikakuta kabla ya kiitikio kuna mlango mzima ambao sijawahi kuufungua: mtu anasimulia polepole kwamba aliota ndoto, akajipaka rangi ya samawati mikononi na usoni, kisha ghafla upepo ukamnyakua, naye akaanza kupaa katika mbingu zisizo na mwisho. Mpiga udi wetu anasema tuukate mlango huo, kwa kuwa wageni watachoka kabla wimbo haujaanza. Mimi moyo unakataa, lakini hoja ya kumpa sina.

Jambo la pili ni “Lu pisce spada”, wimbo wa nduaro, yule samaki mwenye mdomo kama upanga, ambaye mwenzake amechomwa chusa. Majirani wa mzee huyu, ambao wengi wao ni wavuvi, wamealikwa pia, nami ningependa wimbo huo uwafikie kwa Kiswahili, angalau kwa sehemu.

Basi ninachouliza ni hiki: mtu anapozichukua nyimbo za mwimbaji aliyekwisha kufariki na kuzivika nguo nyingine, anaruhusiwa kubadilisha nini, na ni kitu gani ambacho akikigusa tu wimbo unamfia mkononi?

Gitaa la Kale

Mwanangu, nimepiga gitaa katika bendi za Mombasa tangu mwaka 1974, na swali lako nimeishi nalo muda mrefu, kwa hiyo uniwie radhi nikijibu kwa urefu.

Hoja ya kumpa mpiga udi wako ipo, na imo katika lugha yetu wenyewe. Sisi tumezoea kutofautisha kughani na kuimba. Mwenye kughani shairi hafungwi na ngoma. Huvuta neno linapotaka kuvutwa, hunyamaza panapotaka kimya, na msikilizaji hufuata maana kabla ya kufuata mdundo. Sehemu ile ya kwanza ya wimbo wa Modugno ni ya kughaniwa, na kiitikio ndicho kinachoimbwa. Ukiondoa kughani, yule mtu anapaa kabla hajaota. Neno “volare” likiwa peke yake ni kitenzi tu cha kuruka; linageuka kuwa furaha kwa sababu muda mfupi uliopita tulimwona anayelitamka akiwa bado chini, rangi ya samawati haijamkauka usoni.

Halafu nikurekebishe jambo moja. Gipsy Kings hawakuutupa mlango huo. Rudi ukaisikilize rekodi yao ya mwaka 1989: wanaanza na ndoto ile ile na mikono ile ile iliyopakwa rangi, ila wameitia Kihispania, kisha ndipo wanapofika kwenye kiitikio. Dean Martin, mwimbaji wa Marekani aliyeurekodi mwaka ule ule wa 1958, alifungua kwa kiitikio, lakini hata yeye ubeti wa ndoto hakuuacha. Aliusogeza katikati na kuuimba kwa Kiitaliano, ukizungukwa na maneno ya Kiingereza aliyoyaandika Mitchell Parish. Walioukata ni sisi wa mahotelini, na tuliukata kwa kuwa tulitaka watu wainuke upesi.

Ukumbuke pia kwamba Modugno alisomea uigizaji huko Roma, katika chuo cha filamu kiitwacho Centro Sperimentale di Cinematografia, kabla jina lake halijajulikana kwa uimbaji. Nyimbo zake nyingi ni maigizo ya mtu mmoja. Chukua “Vecchio frac” ya mwaka 1955. Ni usiku wa manane, makelele ya mji yamezimika, na katika mitaa iliyo tupu anapita mwanamume aliyevaa suti ya zamani ya karamu, kofia ndefu kichwani, almasi mbili zikifunga mikono ya shati, fimbo ya kioo mkononi, ua la gardenia kifuani, na tai ndogo ya hariri ya samawati shingoni. Hatuambiwi ni nani wala anatoka wapi. Kunapambazuka, na suti ile inaonekana ikielea mtoni, ikipita polepole chini ya madaraja kuelekea baharini. Basi. Mtunzi hasemi yaliyotokea, wala haombi tulie.

Wimbo huo bendi yetu iliuharibu, nami nilikuwamo. Ilikuwa mwaka 1983, katika hoteli moja ya kaskazini mwa Mombasa. Hatukuyajua maneno, tulijua lahani tu, tukaupiga kwa mwendo wa haraka ili watu wacheze, na mpiga ngoma akauongezea madaha. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alikuja hadi ukingoni mwa jukwaa, akatuomba kwa upole tusiuendeleze, na wakati wa mapumziko akatueleza kwa Kiingereza cha kuungaunga ni nani anayetembea ndani ya wimbo ule. Tangu usiku huo sijapiga wimbo wa lugha nisiyoijua kabla ya kumtafuta mtu wa kunisimulia kisa chake mstari kwa mstari.

Kwa hiyo ukitaka kubadilisha vyombo, badilisha. Badilisha mdundo, shusha au pandisha sauti, badilisha hata lugha. Yule anayesema ndani ya wimbo, mwache pale alipo, na mpe nafasi ya kusema.

Dumbaki la Lamu

Kwa heshima zote kwa mzee wetu wa gitaa, ninaogopa kwamba ushauri huu ukichukuliwa na mtu mwoga utamfanya aupige wimbo kama anayebeba mayai.

Tukumbuke huo wimbo ulizaliwaje. Katika Sanremo, lile tamasha la nyimbo la Italia, miaka ile kila wimbo uliimbwa mara mbili, na waimbaji wawili tofauti, kila mmoja na mpangilio wake wa ala, ili wasikilizaji waupime wimbo wenyewe na wasimpime mwimbaji peke yake. Mwaka 1958 “Nel blu dipinto di blu” uliimbwa na Modugno, na uliimbwa pia na kijana Johnny Dorelli. Kwa maneno mengine, tangu siku ya kwanza umma uliupokea ukiwa na sura mbili. Hakuna wakati wowote ambapo wimbo huo ulikuwa na sura moja takatifu ambayo sisi wa baadaye tumekuja kuichafua.

Na Modugno mwenyewe alikuja Sanremo kuvunja mazoea. Waimbaji wa Italia wa enzi hizo walizoea kusimama wima jukwaani, mkono mmoja kifuani, wakitoa sauti laini ya mapenzi. Yeye alifika kwenye kiitikio akafungua mikono yote miwili kama mtu anayetaka kulikumbatia jukwaa zima, akaiachia sauti kwa nguvu zake zote. Wimbo ulishinda, ukaenda kwenye shindano la Eurovision huko Hilversum, Uholanzi, ukawa wa tatu, na mwaka 1959, tuzo za Grammy zilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, ukachukua ile ya rekodi ya mwaka na ile ya wimbo wa mwaka. Ushindi huo wote ulitokana na mtu aliyethubutu. Je, tumwenzi kwa kuogopa?

Tena, mzee, unasema tumwache anayesema ndani ya wimbo alipo. Lakini katika “Vecchio frac” maneno yaliyosikika redioni hayakuwa yote ya Modugno! Pale mwishoni, mtu yule anapoagana na dunia, Modugno alikuwa ameandika kwamba anakiaga kitambo cha mapenzi ambacho hakitarudi tena. Wakaguzi wa redio wakaona kitambo cha mapenzi bila ndoa ni jambo la aibu, na mstari ukageuzwa ukawa vazi la bibi harusi, penzi lake la kwanza na la mwisho. Miaka miwili baadaye, “Resta cu’ mme” ulipata msukosuko wa namna hiyo hiyo: mwanamume anamwambia mpenzi wake kwamba hajali ni nani aliyekuwa naye zamani, na mstari huo nao ukabadilishwa, mahali pake pakawekwa machozi ya zamani. Sasa wewe unayeupiga leo unamlinda nani, yule aliyeandikwa na mtunzi au yule aliyepitishwa na mkaguzi?

Hata kwetu, Bi Kidude aliziimba nyimbo za Siti binti Saad kwa ile sauti yake ya mkwaruzo, kwa namna yake kabisa, na hatukusema kwamba amemkosea adabu Siti. Tulisema nyimbo zimepata miaka mingine ya kuishi.

Ndugu wa Malindi, mlango ule uache au uukate, lakini uamuzi wako uusikike. Ukiuacha kwa kuogopa, wageni watachoka kweli, kama mpiga udi wako anavyosema.

Gitaa la Kale

Dumbaki, kuhusu bibi harusi umenishika. Ningekuwa mimi, ningeimba maneno aliyoyaandika Modugno kwanza, kwa kuwa vazi la harusi linampa yule mtu wa usiku sababu ya kufa ambayo kila mtu anaielewa, na uzuri wa wimbo umo katika kutoelewa kwetu. Kwa hiyo hapo kupiga upya kunakuwa pia kurudisha kilichoporwa. Lakini tazama umbali uliokwenda ili unipinge: mfano wako wote unahusu mtu anayesema na kile alichonyimwa kusema. Tunavutana kwenye kamba moja.

Msafiri wa Salento

Nimeishi Lecce, kusini kabisa mwa Italia, kwa miaka tisa, nikifanya kazi ya kuwatunza wazee, na Modugno ninamsikia kila siku kwa sababu wazee wangu wanamdai kama ndugu yao. Alizaliwa Polignano a Mare mwaka 1928, juu ya majabali meupe yanayokatika ghafla baharini, lakini alipokuwa mtoto familia ilihamia San Pietro Vernotico, na huko ndiko alikoipata lahaja ya Salento, yaani ya eneo letu hili. Nalitaja hili kwa sababu ya “Lu pisce spada”. Alipoanza kuimba Roma, nyimbo zake za lahaja ziliuzwa kama nyimbo za Sicilia, naye akajulikana kwa watu kama Msisilia, na wenyeji wa Puglia, mkoa wetu huu, waliumia kwa miaka mingi kwa kuona mtoto wao amejivisha kabila la jirani. Alikuja kuwaimbia Polignano mwezi wa Agosti 1993, akiwa mgonjwa, miaka tisa baada ya kupigwa na kiharusi, na mwaka uliofuata akafariki katika kisiwa cha Lampedusa. Leo pale ufuoni pana sanamu yake, mikono imefunguliwa vile vile alivyoifungua Sanremo, na mgongo ameuelekeza baharini.

Lakini nilitaka kuzungumzia mfano mmoja wa kupiga upya ambao, kwa maoni yangu, unalijibu swali kuliko “Volare”. Mwaka 1968 Modugno aliimba “Meraviglioso”, muziki wake, maneno ya Riccardo Pazzaglia. Wateuzi wa Sanremo waliukataa. Unamhusu mtu aliyekata tamaa, amesimama darajani usiku, anatazama maji meusi. Malaika aliyevaa kama mpita njia anamshika na kumwondoa pale, anamwonyesha aliyopewa bure: jua, bahari, mwanga wa asubuhi, kumbatio la rafiki, uso wa mtoto. Modugno, aliyekuwa na miaka arubaini, anauimba kama mtu mzima anayemsimulia mwingine jambo lililompata zamani. Sauti ni ya mtu ambaye amekwisha kuokoka.

Miaka arubaini baadaye, mwaka 2008, bendi ya roki ya Negramaro iliuchukua. Ni vijana wa hapa hapa Salento, na jina lao limetokana na zabibu nyeusi za mashamba yetu. Mwimbaji wao, Giuliano Sangiorgi, hakubadilisha maneno wala lahani. Alichobadilisha ni mahali anaposimama. Sauti yake inapanda, inakatika, inarudi, na unasikia kwamba yeye bado yuko pale darajani, kwamba malaika anasema naye sasa hivi na yeye hajaamua kama atamwamini. Gitaa za umeme zinapoingia kwa nguvu kwenye kiitikio, zinakuwa kama upepo wa lile daraja. Bibi mmoja ninayemtunza, mwenye miaka themanini na sita, aliyemsikia Modugno jukwaani ujanani mwake, huniambia wimbo wa Modugno humfariji na wa hawa vijana humtia hofu, na kwamba anazihitaji zote mbili, moja asubuhi na nyingine usiku.

Kwa hiyo, mzee wa gitaa, mimi ningekwenda hatua moja mbele yako. Anayesema ndani ya wimbo asiondolewe, sawa. Lakini mpigaji mpya ana haki ya kumkuta katika saa nyingine ya maisha yake. Modugno alimkuta baada ya tukio. Sangiorgi alimkuta katikati yake. Kaka wa Malindi, unapompigia mtu wa miaka themanini wimbo wa kijana anayeota anapaa, jiulize huyo anayesema ana umri gani usiku huo.

Mfasiri wa Pwani

Nitajibu la lugha, kwa kuwa ndilo ninaloliweza.

Kiitaliano na Kiswahili zinapatana kinywani kuliko wengi wanavyodhani. Maneno ya lugha zote mbili humalizikia kwa irabu karibu yote, na mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tazama kiitikio chenyewe. Vo-LA-re ni silabi tatu, mkazo katikati. Ku-RU-ka ni silabi tatu, mkazo katikati. Can-TA-re, ku-I-mba: vile vile. Ukiandika kwenye karatasi utadhani kazi imekwisha. Sasa simama uimbe. Katika “volare” sauti inakaa juu ya “la”, kinywa kimefunguka wazi, na hapo ndipo Modugno alipoiachia pumzi yote. Katika “kuruka” inakaa juu ya “ru”, midomo imekunjamana, na pumzi inabanwa mlangoni. Jaribu “kupaa”: ku-PA-a. Kinywa kinafunguka tena, na maana imekaribia zaidi, kwa sababu ndege akiruka anaweza kuwa anatoka tawi hili kwenda lile, lakini akipaa anakwenda juu. Kwa “cantare” sijapata neno linalofungua kinywa namna hiyo. “Kughani” lina irabu inayofaa, lakini kinachoghaniwa katika wimbo huu ni kile kilichotangulia, kama mzee alivyoeleza vizuri. Kwa sababu hiyo mimi ningekiacha kiitikio kwa Kiitaliano. Wageni watakiimba nawe, na watoto wa wavuvi pia wanakijua.

Penye utajiri ni katika ule ubeti wa ndoto. Jina la wimbo ni kama kusema “ndani ya samawati, nimepakwa samawati”, na neno letu “samawati” limetoka katika mbingu za Kiarabu. Mtu anayejipaka samawati kwa Kiswahili amejipaka mbingu kabla hata upepo haujaja. Hilo Kiitaliano hakilisemi, na sisi tumepewa bila kuliomba.

Kuhusu haki, kwa ufupi. Kuupiga wimbo mbele ya watu ni suala la leseni ya maonyesho, ambayo mwenye ukumbi anapaswa kuwa nayo. Kutafsiri maneno yake ni suala jingine, linalohitaji ruhusa ya wenye haki. Kwa sheria ya Kenya kazi ya mtunzi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwa Italia ni miaka 70. Modugno alifariki mwaka 1994. Franco Migliacci, aliyeandika naye maneno ya “Volare”, alifariki mwaka 2023. Hesabu mwenyewe, bado ni mapema sana.

Hata hivyo, hakuna anayekukataza kusimulia kisa kwa maneno yako kabla ya wimbo kuanza. “Lu pisce spada” unafaa sana kwa njia hiyo, kwa sababu kisa chake ni kifupi na kimetulia kama hadithi ya ukumbini: wavuvi wanawaona nduaro wawili, wanamchoma jike, anamsihi dume akimbie, dume anakataa, anasema ukifa wewe nami nitakufa, na kwa mruko mmoja anaanguka ubavuni pake. Simulia hivyo kwa Kiswahili, udi ukipita chini taratibu, kisha uimbe kwa lahaja yake bila kutafsiri hata neno. Wavuvi wako hawatakuwa wageni katika wimbo huo. Wanajua zaidi ya Modugno nduaro anavyoruka.

Kinanda cha Malindi

Nawashukuru sana nyote, na samahani kwa kuchelewa. Nilitaka kwanza tujaribu ndipo nije kusema.

Mzee wa gitaa, nilikwenda kuwasikiliza Gipsy Kings upya na nikaona aibu, kwa kuwa ulivyosema ndivyo ilivyo. Nilimwekea mpiga udi rekodi zote tatu, ya Modugno, ya Dean Martin na hiyo ya Gipsy Kings, bila kumwambia ninachotafuta. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe hakuna aliyekata.” Sasa ubeti wa ndoto tumempa yeye. Anaanza peke yake, bila dumbaki, nami naghani juu ya nyuzi zake kwa sauti ya chini, na swali la dada wa Salento ndilo lililonionyesha ni chini kiasi gani. Nimekata shauri kwamba anayesema ana miaka themanini. Hajajipaka rangi asubuhi ya leo. Anakumbuka siku alipojipaka. Tumepunguza mwendo wa kiitikio pia, na mara ya kwanza tunakipiga bila makofi kabisa. Makofi yanaingia mara ya pili, na hapo, Dumbaki, utakuwa na sababu ya kufurahi, kwa sababu yanaingia kwa kishindo.

“Vecchio frac” tunaupiga kwa maneno ya kwanza ya Modugno. Nilimwuliza mwenye sherehe kama atayapokea, akaniimbia mstari ule wa kitambo cha mapenzi pale pale mlangoni kwake, hakuhitaji kukumbushwa. “Meraviglioso” nimeuongeza kwenye orodha, haukuwemo.

Kuhusu nduaro nilifuata ushauri wa mfasiri. Jana jioni tulifanya mazoezi nje, karibu na gati, kwa kuwa chumbani kulikuwa na joto, na mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona wavu wake kando yetu alinisikia nikisimulia. Nilipofika pale dume linapokataa kukimbia aliiweka sindano chini. Wimbo ulipoanza kwa lahaja ile ya mbali aliendelea kusikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama huyo mtunzi alikuwa mvuvi. Nikamwambia hapana, alikuwa mwigizaji, lakini alilelewa karibu na bahari. Akasema nirudie tena ile sehemu ya mruko, na safari hii nisiiharakishe.